Kipini cha Bibi Chausiku

Bagamoyo,
14 Machi 1972

Kwa shangazi yangu mpenzi, Bi Biubwa, Pangani.

Shikamoo shangazi. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani kwako, mguu hauumi na majirani hawajakuudhi. Sisi huku hatujambo. Baba anakusalimu, tangu apewe ujumbe wa nyumba kumi hataki tena kutumwa dukani, anasema kiongozi hatumwi. Mama naye anakusalimu. Jiko tumeliezeka makuti mapya, kuku mwekundu anaatamia, na mimi nilimaliza darasa la saba nisichaguliwe kwenda mbele, kwa hiyo niko nyumbani nasuka ukili na kuulizwa nitaolewa lini.

Kipini ulichompa Bi Fatu aniletee kimefika salama. Ulisema mwali aliyetoka ndani hawezi kutembea pua tupu, basi Bi Fatu akanitoboa kwa sindano na uzi. Nilivimba pua nikawa kama niliyeumwa na nyuki, lakini sasa nimepona.

Shangazi, nina jambo la kukuuliza. Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini, nilikitia kipini nikajitazama kwenye kioo cha mama. Sikujiona mimi. Niliona mwanamke mzima, mrefu, aliyejaa, shingo imenyooka, macho yametulia kama ya mtu aliyekwisha kuzaa na kuzika. Gauni langu lilimfika magotini. Niligeuka nione nani amesimama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu.

Nikajitupia buibui la mama nikatoka. Nilikwenda dukani kwa Rajabu, ambaye majuma mengi ametuambia mafuta ya taa hayajaletwa. Nikamuuliza, "Mafuta yapo?"

Akasema, "Yapo, bibi. Nimeyaficha uvunguni, nawawekea wanaonisalimu vizuri." Halafu akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Nilikimbia. Nyumbani nikakivua, nikarudi kuwa mimi, na buibui likawa linaburuza chini. Niambie umenipa kitu gani.

Mwanao,
Mwanamvua binti Bwanaheri


Pangani,
22 Aprili 1972

Mwanangu Mwanamvua,

Marahaba. Mguu unauma na majirani wananiudhi, hayo mawili uyajue kabla ya yote. Barua yako imefika imelowa, lakini imesomeka. Usiucheke mwandiko wangu. Niko darasa la watu wazima, na mwalimu wetu ni kijana mwenye ndevu za kuhesabika anayetufundisha kuandika "jembe" na "nyundo", ambayo mimi sina mtu wa kumwandikia. Mwambie baba yako hata watawala hutumwa dukani na wake zao. Mume wangu, mjomba wako Kitwana, bado yuko safarini Mombasa, anakusalimu sana.

Kipini ni cha bibi yako Chausiku, mama yetu mimi na baba yako, naye alipewa na bibi yake. Aliyekifua hatumjui. Akikivaa msichana, anakuwa mwanamke mzima kabla ya wakati wake, na anayesimama mbele yake hawezi kusema uongo. Ndiyo hivyo tu. Hakuna haja ya kupiga kelele.

Usikae nacho muda mrefu. Usimuulize mtu jambo ambalo jibu lake hulitaki. Na juu ya yote, usimuulize mtu yeyote kuhusu chakula ulichopika. Kwa nini, nisiulizwe.

Nitumie ukili mweusi ukipata.

Shangazi yako,
Biubwa


Bagamoyo,
2 Juni 1972

Shikamoo shangazi,

Pole na mguu, na pole na majirani. Ukili mweusi nimempa utingo wa basi la Tanga, akiufikisha tushukuru. Vifaranga wametoka, mmoja kanyakuliwa na mwewe, wengine wapo. Baba ameambiwa ulivyosema, akacheka, kisha akakumbuka yeye ni kiongozi.

Shangazi, nilijaribu kutokivaa. Lakini wewe ungeweza? Nikiwa mimi, watu hunipita kama wanavyompita mbuzi. Nikiwa yule, hata wazee hunipisha. Nilikwenda bombani nikamuuliza bwana wa maji kwa nini maji hukatika upande wetu tu. Akasema, "Nafunga mimi, ili nikifungua mnishukuru." Wanawake walimkimbiza mpaka sokoni. Sasa mtaa mzima unamtafuta Mwanamke wa Kipini. Mtu akishuku kitu, anasema, "Subiri apite yule bibi."

Viongozi hawakupenda. Mwenyekiti wetu wa tawi la chama, Bwana Kombo, aliitisha mkutano. Alisema ukweli si kitu kibaya, lakini lazima upitie ngazi zake: uanze kwa mjumbe, uende kwa katibu, umfikie mwenyekiti, naye ndiye aamue kama wananchi wako tayari kuupokea. Ikaundwa Kamati ya Kumchunguza Mwanamke Asiyejulikana. Baba yumo kwenye kamati. Anakuja nyumbani jioni ananiambia hawajapata hata dalili, na mimi namwandalia maji ya kuoga.

Aliyetumwa kumkamata ni Abdala, katibu wa vijana, mtoto wa fundi cherehani wa nyumba ya mbele yetu. Unamkumbuka? Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Shangazi, mimi nampenda Abdala tangu nilipokuwa darasa la nne. Hajui.

Alinikuta, yaani alimkuta yule, karibu na soko la samaki. Nikamuuliza, "Unanitafutia nini?"

Akasema, "Nimetumwa nikukamate, bibi, lakini sitaki. Tangu nikuone chakula hakinipiti." Akainama kwa aibu. Akaenda kuandika taarifa kwamba hakuonekana mtu.

Na jioni ile ile akaja kwetu, kwangu mimi huyu mwenye pua ndogo. "Dada Mwanamvua, wewe una maneno. Nataka kumtungia mtu utenzi. Nisaidie, niseme macho yake ni kama nini?"

Nikamwambia aseme kama kisima cha maji baridi.

"Hapana," akasema, "si hivyo. Wewe hujamwona."

Nimekaa naye juma zima nasifia macho yangu mwenyewe, naye anayafuta. Nataka nimuulize, nikiwa nimevaa kipini, anamwonaje Mwanamvua. Swali moja tu. Unasemaje?

Mwanao,
Mwanamvua


Pangani,
25 Juni 1972

Mwanamvua,

Marahaba, hatujambo, salamu tele.

Usimuulize.

Biubwa


Bagamoyo,
20 Julai 1972

Shikamoo shangazi,

Huku wote wazima, ila mama ana mafua. Barua yako fupi imefika leo. Mimi nilimuuliza juma lililopita.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi za tawi. Nikasimama mbele yake na kipini puani, nikamuuliza, "Na yule msichana wa Bwanaheri, unamwonaje?"

Hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Mwanamvua? Mtoto mzuri. Anajua maneno. Ana wino vidoleni kila siku. Namwona kama dada yangu, na akiondoka mbele yangu simkumbuki mpaka nimwone tena."

Kwa upole, shangazi. Angalau angesema kwa ubaya, ningemchukia nikapumzika. Nilirudi nyumbani nikatwanga kisamvu mpaka mama akaja kuuliza tunalisha jeshi gani.

Tangu siku ile nakivaa kila nipatapo nafasi. Sitaki kuulizia mapenzi tena, nataka kuulizia mengine. Mwezi ujao anakuja mgeni rasmi kutoka mkoani kutazama mradi wetu wa kuku. Mradi hauna kuku, shangazi. Bwana Kombo amepita nyumba kwa nyumba kuazima, na mama ametoa yule mwekundu na vifaranga wake. Kila mmoja amemfunga kuku wake kitambaa cha rangi yake mguuni asije akapotea katika maendeleo. Siku hiyo nitakuwepo, na nitauliza.

Na wewe nakuuliza sasa, ingawa najua kwa barua kipini hakifanyi kazi. Mjomba Kitwana yuko wapi? Bi Fatu alikwenda Mombasa kwenye harusi akamwona anauza kahawa kwenye meza yake mwenyewe, amenenepa, wala hakuwa na dalili yoyote ya mtu aliye safarini.

Mwanamvua


Pangani,
9 Agosti 1972

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako akoroge tangawizi na asali, asimsikilize mtu wa dawa. Ukili mweusi umefika. Utingo amejikatia kidogo, lakini umefika.

Bi Fatu angetulia kwenye harusi akala pilau kama wenzake.

Basi sikiliza. Niliolewa na kipini puani. Kitwana alimwona yule mwanamke mrefu akampenda, akaleta posa, na mimi sikukivua. Mwanzoni nilistarehe kupita wanawake wote wa Pangani. Wenzangu walikuwa wananusa kanzu za waume zao. Mimi nilikuwa nauliza tu. "Ulikuwa wapi?" Anasema. "Na nani?" Anasema. Nilidhani hiyo ndiyo ndoa.

Siku moja niliamka alfajiri nikampikia samaki changu wa nazi. Nazi nilikuna mwenyewe, nikajikwangua kidole. Akala. Nikamuuliza, "Mtamu?"

Nikaona midomo yake inahangaika. Akasema, "Hapana. Umezidisha ndimu, na mchuzi wako siku zote una maji."

Kisha akalia. Mwanamume mzima, juu ya mkeka, tonge mkononi. Akaniambia, "Biubwa, nilitaka kusema mtamu. Nimekiona kidole chako. Nilitaka kusema mtamu, ulimi ukanikatalia."

Majuma machache baadaye aliaga anakwenda Mombasa kuchukua vitambaa. Nilikuwa sijakivaa asubuhi ile, nilikuwa naoga. Ndiyo maana aliweza kusema anarudi.

Kila Idi huniandikia kwamba anakuja. Kwa barua anaweza kunidanganya, na ni barua nzuri sana, mwanangu. Nazisoma zaidi ya mara moja.

Na mchuzi wangu hauna maji. Hilo sitalikubali mpaka naingia kaburini.

Kuhusu mgeni wako wa mkoani, fanya utakavyo, wewe si mtoto. Lakini umbo lile kubwa si lako bado. Umeliazima kama kuku wa Bwana Kombo.

Shangazi yako,
Biubwa


Bagamoyo,
10 Septemba 1972

Shikamoo shangazi,

Nimesoma barua yako peke yangu nyuma ya jiko, wala sikumwonyesha baba. Mama amepona. Kuku wetu amerudi, na utajua kwa nini nakuambia.

Mkutano ulifanyika uwanjani mchana, watu wengi, ngoma ikalia. Kuku walikuwa kwenye banda lililopakwa chokaa, vitambaa mguuni, utadhani bi harusi. Bwana Kombo akasoma hotuba. Alipofika mahali pa "kwa juhudi zetu wenyewe", nikasimama katikati ya wanawake, nimevaa buibui na kipini. Watu wote wakanigeukia.

Nikauliza, "Bwana mwenyekiti, kuku hawa ni wa nani?"

Akasema, "Ni wa majirani. Kuku wa mradi tuliwala mwaka jana, kwenye kikao cha kujadili kwa nini kuku wa mradi wanapungua."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mgeni rasmi akavua miwani. Nilidhani atakasirika, lakini naye alikuwa mbele yangu. Akasema, "Nilijua. Kuku wa mradi huwa hawanoni hivi. Na taarifa ya kuusifu mradi nimeiandika kabla sijaondoka nyumbani, nimekuja kula tu."

Shangazi, sijapata kufurahi vile. Nilijiona nimeifungua dunia kama kopo. Abdala alikuwa ananitazama, nami nikasimama nionekane vizuri.

Kumbe nilisahau kwamba wote walikuwa mbele yangu, si wakubwa peke yao. Mtu na jirani yake wakaanza kusemezana. Mmoja akamwambia mwenzake hajawahi kumpenda mtoto wake mwenyewe. Mke wa bwana wa maji akasema mambo ambayo siwezi kukuandikia. Baba akamwambia mama, mbele ya watu, "Niliutaka ujumbe kwa sababu nyumbani hakuna anayenisikiliza." Mama akasema, "Ni kweli, hatukusikilizi." Wote wawili wakabaki wanatazamana, hakuna anayecheka.

Yupo mzee kipofu mtaani kwetu, Mzee Bwanausi. Mwanawe wa pekee yuko Dar es Salaam, na Bi Fatu ndiye humsomea barua zake. Katika zile kelele mzee aligeuza uso kwa Bi Fatu, amekunja mikono juu ya bakora, akauliza kwa mzaha tu, "Na mwanangu je, atakuja mwaka huu kama alivyoandika?"

Bi Fatu akashika kanga yake akaiuma. Nilimwona anavyoiuma. Lakini yakatoka. "Hajaandika hata mara moja, mzee. Barua nazitunga mimi."

Mzee alitafuta ardhi kwa bakora kana kwamba amefika mahali asipopajua.

Hapo ndipo nilipokishika kipini nikakivua mbele ya watu wote. Buibui likaniangukia miguuni. Nikasema, "Ni mimi. Mwanamvua wa Bwanaheri. Nisameheni." Sauti ilitoka ndogo, yangu.

Bwana Kombo ndiye aliyepata fahamu kwanza. Akatangaza kipini kinachukuliwa kwa niaba ya wananchi. Kamati ikakaa pale pale kuamua kitunzwe kwa nani. Katibu akasema nyumba yake inavuja. Mweka hazina akasema ana watoto wadogo. Mgeni rasmi akasema mkoani hakuna kabati. Ndipo Bi Dija, mke wa mwenyekiti, akanyoosha mkono akasema, "Nipeni mimi. Nitakivaa nyumbani tu."

Bwana Kombo akasema kikao kimeahirishwa, na kipini arudishiwe mwenyewe.

Kuku wote walirudi kwao jioni bila kuongozwa na mtu.

Abdala alinifuata njiani. Akatembea kando yangu muda mrefu. Kisha akasema, "Yote niliyomwambia yule, nilikuambia wewe."

"Ndiyo."

"Hata ile ya wino?"

"Hata ile ya wino."

Akatoa ile kalamu yake isiyo na wino akaiangalia, akairudisha mfukoni. Sikumsaidia maneno.

Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi Mzee Bwanausi. Nikamkuta Bi Fatu yuko mlangoni, amesimama tu, haingii wala haondoki. Mzee akasikia hatua akauliza nani. Bi Fatu akasema ni yeye. Kisha mzee akasema, "Barua imekuja?"

Bi Fatu alinitazama mimi. Mimi nikatazama chini.

"Imekuja," akasema.

"Basi kaa, unisomee."

Mwanao,
Mwanamvua


Miono,
18 Novemba 1972

Shikamoo shangazi, na Idi njema iliyopita,

Usishangae kuona barua inatoka Miono. Walitafuta vijana wa kufundisha kisomo cha watu wazima huku ndani, nikajiandikisha bila kumuuliza mtu. Baba alisema hapana, kisha akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, na safari hii mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikaja. Nakaa kwa mama mmoja Mkwere anayeitwa Bi Tatu, ananipikia ugali na kunicheka ninavyolitaja jina la kila kitu kwa Kibagamoyo.

Kipini nimekurudishia kwa mkono wa Bi Fatu. Tundu la pua nimelitia kijiti cha ufagio lisizibe. Nikipata mshahara nitanunua kingine kwa Mhindi, kisicho na akili.

Abdala alinibebea sanduku mpaka kituoni. Kamati ilivunjwa na yeye amejiuzulu ukatibu wa vijana, sasa anashona suruali na baba yake, na anashona vibaya. Tulikaa juu ya sanduku kungoja basi. Akasema, "Mwanamvua, sitaki kukudanganya."

Nikamwambia, "Sasa unaweza. Sina kipini puani."

Akacheka, halafu akaacha. "Yule nilimpenda kabla sijamjua. Wewe nimekujua kabla sijakupenda. Sijui itakuwaje. Nikikuandikia utajibu?"

"Kama utaandika mwenyewe," nikasema. "Macho ya mtu sikusaidii tena."

Basi lilipoondoka hakupunga mkono kama watu wa kwenye picha. Alikuwa anahangaika kuokota kalamu iliyomwangukia mavumbini. Barua moja imekwisha kuja. Ina makosa mengi, na mahali pamoja amefuta mpaka karatasi imetoboka. Nimejaribu kusoma kwa nyuma alichofuta, sikuweza.

Darasa letu liko chini ya paa la ghala la pamba. Wanafunzi ni wazee kunishinda wote, na wananiita mwalimu bila kucheka, jambo lililonitia woga kuliko uwanja mzima wa Bagamoyo. Jana bibi mmoja anaitwa Mgeni, mikono imekauka kwa jembe, alibaki wenzake walipotoka. Ameshika chaki kama ameshika kifaranga. Akaniuliza, "Mwalimu, niambie kweli. Mimi kwa uzee huu nitajua kuandika jina langu kabla sijafa?"

Nilimtazama, shangazi. Majuma yote haya hajamaliza herufi hata moja.

Nikamwambia, "Utajua."

Akanikazia macho kwa muda, kisha akasema nimsogezee ubao, haoni vizuri. Akachora M. Imesimama kichwa chini, miguu juu, mmoja mrefu kuliko mwingine.

Nimemwekea alama ya vema.

Mwanao,
Mwanamvua